Moblog Yetu na Picha ya Mama

Leo nimeibiwa nikiwa nimeketi kiti cha mbele, na nimepiga makofi.

Rafiki yangu Chebet alinialika darasa lake huko Milimani, anafunza vijana kuposti biashara zao mtandaoni. Msichana mmoja akauliza, "Moblog ni nini?"

Chebet akacheka. "Ni blogi ya simu. Ulikuwa unapiga picha, unaandika mistari miwili, unatuma ukiwa hapo hapo. Siku hizi kila mtu anafanya hivyo, ndiyo maana hilo jina limekufa."

Amejibu poa. Nikapiga makofi.

Halafu akasema, "Mimi nilianza yangu nikiwa Molo."

Yako?

Jameni, ilikuwa yetu wawili! Simu ilikuwa yangu. Mimi nilipiga picha, yeye akaandika maneno, halafu tunapanda juu ya tangi ya maji kutafuta netiwaki.

Nikajiambia: Labda amesahau, si ni miaka mingi?

Akaweka picha kwa ukuta. Mama yangu, ameketi juu ya gunia la viazi, anafuma sweta, anacheka.

Msichana akauliza, "Huyo ni nani?"

Chebet akaniangalia mimi. Akaangalia ukuta.

"Ni mathe fulani tu wa huko Molo."

Mathe fulani! Yaani mama yeyote tu!

Nikainuka nikatoka. Nyinyi mngefanya nini? Niambieni.

Picha yenyewe ndiyo hiyo hapo chini.

Hiyo sweta mama anafuma ni ya Chebet.