Robota la Ukutani

Sokoni humwita Mama Shati, ingawa mashati aliacha kuyauza siku nyingi. Sasa anauza nguo za watoto za mitumba. Hununua robota zima, limekazwa kwa mikanda ya plastiki, limeshindiliwa hadi likawa gumu kama tofali, na hulilipia kabla hajaona hata kifungo kimoja cha kilichomo. Ndivyo biashara ilivyo kwa wote. Likiwa bado limefungwa, robota ni mali: unaweza kumwuzia mwenzako kwa bei uliyonunulia, hata na nyongeza. Ukishakata mkanda, kilichomo ni chako, kiwe heri, kiwe balaa.

Kwa hiyo amejifunza kukisia. Hulipiga robota kofi na kusikiliza. Hupitisha pua kwenye mshono wa gunia taratibu, kama anayemnusa mtoto mchanga. Lakini kukisia si kujua, na anayekisia kwa uangalifu hulala vibaya kuliko anayekisia hovyo.

Asubuhi hiyo mbeba mizigo wanayemwita Kifua alilitua robota jipya mbele ya kibanda chake, akajifuta jasho, akasitasita.

"Mama, sitaki kukutia wasiwasi."

"Umeshanitia. Sema."

"Paa la ghala lilivuja wakati wa mvua. Marobota ya ukutani yakalowa. Wameyaanika, kisha wakayachanganya na mengine."

"Na hili lilikuwa ukutani?"

"Sijui. Ila begani limenikalia zito. Au labda ni mimi tu, jana nimelala njaa."

"Yaani tumbo lako ndiyo mizani yangu leo," alisema, akacheka bila raha.

Alilinusa. Gunia lilikuwa kavu, halisemi kitu. Mtaji wake wote ulikuwa humo ndani.

Hakuwa amekaa vizuri, wifi yake akatokea. Huyu ni mdogo wa mumewe, ameingia sokoni juzijuzi baada ya kuuza cherehani yake ili apate pa kuanzia. Mama Shati ndiye aliyemfundisha kulipiga robota kofi.

"Wifi, niuzie hilo. Ghalani yameisha. Nakuongezea kidogo juu."

Mama Shati alitazama chini. Angeweza kusema chukua. Asingekuwa amesema uongo hata neno moja, maana kweli hakujua. Robota likiondoka, hofu nayo ingeondoka, ikalale nyumba nyingine. Lakini aliikumbuka ile cherehani, na mahali ilipokuwa imesimama dirishani.

"Siwezi, wifi. Nasikia kuna yaliyolowa."

"Nani kasema?"

"Kifua."

"Ana uhakika?"

"Hana."

"Sasa wewe utalifanya nini?"

"Nitalifungua mwenyewe."

Wifi alitikisa kichwa. "Ni baya, lakini utalifungua mwenyewe. Wifi yangu, mimi ni mgeni wa mitumba, si mgeni wa watu."

"Ningetaka kukuumiza si ningekuuzia?"

"Au ungenitisha niondoke, ubaki na kizuri."

Mama Shati akaona kwamba kila neno analoongeza linazidi kumharibia. Akajaribu njia nyingine. "Basi tuwe na ubia. Nusu yako, nusu yangu. Likiwa baya tutaumia wote, kidogo kidogo."

"Ahaa. Sasa limekuwa la kugawana."

Fundi viatu wa kibanda cha jirani aliinua kichwa. "Likateni basi, nasi tupate cha kutazama. Tangu asubuhi natazama soli tu."

Mama Shati akachukua kisu. Mkanda ulipokatika, robota lilivuta pumzi, likavimba. Juu kabisa palikuwa na magauni ya watoto, safi, vifungo vyote mahali pake. Chini yake sweta, laini, kama hazijavaliwa. Wifi aliokota moja ya manjano, akaikunja polepole, akairudisha.

"Hongera, wifi," alisema, na akaondoka bila kugeuka.

Mama Shati hakumwita. Aliendelea kutoa nguo, tabaka kwa tabaka, mpaka mkono wake ukakuta ubaridi. Akavuta. Suruali ndogo ilitoka imegandana na nyingine, madoa meusi yamesambaa kama masizi, na harufu ya uvundo ikamfanya fundi viatu azibe pua. Kuanzia hapo hadi chini, nguo zote zilikuwa hivyo.

"Mkimbilie," fundi alisema. "Aje aone kwa macho yake."

Aliinua macho. Kule mwisho wa safu wifi yake alikuwa amesimama kwenye kibanda cha muuzaji mwingine, mbele ya robota lililofungwa. Alilipiga kofi, akainamisha sikio, akalinusa mshono taratibu.

Lilitoka ghala lilelile. Labda lilikuwa la ukutani, labda la katikati. Mama Shati hakujua. Alichojua ni kile alichoshika mkononi. Akatoka mbio akiwa na ile suruali iliyooza, akipenya katikati ya wanunuzi na kusema samahani, samahani.

Wifi alimwona akija. Akamwona anahema, anaharakisha, jicho liko kwenye robota. Akaingiza mkono kifuani upesi, akatoa fungu lote la pesa, akamwekea muuzaji kiganjani.

"Nimeshalipa," alisema kwa sauti ya kusikika. "Ni langu."