Katambuga Zilizochelewa

Juzi nilipeleka gari langu gereji kulinganishwa magurudumu. Kijana wa pale aliniomba nishuke ndipo apime, nikamkatalia. Nikamwambia apime nikiwa humo humo ndani na mizigo yangu. Alidhani nina kiburi. Hakujua kwamba nyuma yake mwenzake alikuwa akikata mpira wa tairi kwa kisu kilicholoweshwa maji, na harufu ile ilikuwa imenirudisha Cheyo, kibarazani kwa baba, mwaka niliomwomba Mungu tairi life.

Baba yangu alikuwa fundi wa katambuga, vile viatu vinavyokatwa kwenye matairi yaliyochoka. Nusu ya Tabora ilitembea juu ya mikono yake. Ukimletea kipande cha tairi alikipapasa ukingo, akakwambia gari lilikotoka linavuta kushoto au kulia, na mara chache sana alikosea.

Dada yake mkubwa, Shangazi Zuhura, alikuwa mkunga. Watu walikuwa wamehamia vijiji vipya vya ujamaa upande wa Usoke, na kila Alhamisi shangazi aliwafuata wajawazito wa huko kwa pikapu kuukuu aliyoachiwa na marehemu mumewe. Kwenda, gari lilikuwa tupu. Kurudi, lilijaa kinamama wa kupelekwa hospitali pamoja na wasindikizaji wao. Mimi nilichukuliwa kwa kazi moja, kubeba debe la maji ya rejeta, na kazi hiyo niliiona kubwa kuliko ya ukunga.

Miaka hiyo matairi mapya yalikuwa ya kusikia tu. Ya mbele ya shangazi yalikuwa yakilika ukingo wa ndani, na yakiisha, safari zingeisha nayo, wajawazito wabaki kungoja mkokoteni wa ng'ombe. Baba alijua hilo. Mimi nilijua jingine: nilikuwa nimeahidiwa kwamba matairi yale yakistaafu, jozi ya kwanza ni yangu. Katambuga nilizokuwa nazo zilikuwa zimetoboka kisiginoni, na wenzangu shuleni walikuwa wameshaliona tundu.

Baba akaingia kazini. Alikuta bushi za springi, vile vipande vya mpira vinavyozishika, zimeliwa hata springi zinacheza, akachonga nyingine kwa mpira wa mwisho uliokuwa kibarazani. Kisha akachora chaki katikati ya kila tairi la mbele, akavuta uzi wa katani kutoka tairi hadi tairi, mbele halafu nyuma. Vipimo viwili vikipishana, magurudumu hayatazamani. Kila alipoingia chini kukaza au kulegeza alisema mtaka cha uvunguni sharti ainame, na shangazi, aliyekuwa amesimama na bakuli la nati, alijibu kwamba basi na ainame upesi, Alhamisi haingoji.

Uzi ulikubali, vipimo vikalingana. Safari mbili baadaye ukingo ulikuwa umelika tena. Baba akarudia yote, uzi ukakubali tena, na tairi likaendelea kulika. Sikumwona akikata tamaa. Alisema tu, "Nitarudia," na kesho yake alirudia.

Sasa niwaambie nyinyi jambo ambalo sikumwambia mtu. Mimi nilikuwa najua. Kila tuliposimama kijijini kunywesha rejeta nilikuwa mbele ya gari na debe langu, na kinamama walipopanda, niliyaona magurudumu yakitanuka nje kama miguu ya bata. Wakishuka, yanarudi. Baba alikuwa akipima gari tupu, ambalo halikuwa na kosa. Niliona, nikakumbuka tundu la kisiginoni, nikanyamaza.

Alhamisi moja asubuhi nilimkuta shangazi akifunga mkoba wake kwenye baiskeli ya baba. Goti lake la kulia lilikuwa bovu tangu zamani. Alisema uhai uliobaki wa matairi atamwekea mgonjwa wa kubebwa, yeye atakwenda hivyo hivyo. Baba akamsihi angoje wiki moja.

"Mtoto hangoji tairi, mdogo wangu," alisema.

Akapanda, akaanguka, akajipangusa, akapanda tena. Hapo aibu ilinishika vibaya.

"Baba," nikasema, "likiwa na watu, miguu inatanuka."

Baba akanigeukia. "Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Nilitegemea kofi. Badala yake alimshusha shangazi, akatoka mtaani akiita kinamama mlango kwa mlango, wengi wao shangazi aliwazalisha. Wakapanda pikapu na vitenge vyao na gunia la mahindi katikati, wakakaa kimya kama wanapigwa picha, ila mmoja aliyetaka kujua kama wangefikishwa Nzega. Mimi nikawekwa mbele karibu na shangazi. Baba akavuta uzi, na kwa mara ya kwanza ukakataa. Sijawahi kumwona mtu akifurahi vile kwa kukataliwa. Akaingia uvunguni, akatoka, akapima, akaingia, hadi jua likawa la utosini na vipimo vikalingana.

Shangazi akaenda mchana huo huo. Matairi yale yalimaliza kifuku chote, msimu mzima wa mvua, nami nikakimaliza pekupeku, matope hadi vifundoni. Nyumbani tulikula matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, asubuhi na jioni, na mimi nikadhani baba anapenda sana matobolwa.

Nilikuwa nimeshazaa nilipomweleza baba kwa nini nilinyamaza. Alicheka hadi akakohoa. Akasema na yeye alikuwa akiyasubiri matairi yale; kibaraza hakikuwa na mpira hata wa kukata ukanda wa kiatu, na kila alipoupapasa ule ukingo uliolika alihesabu jozi. Hapo ndipo nilipoielewa ile njaa ya matobolwa, na ule mpira wa mwisho ulikokwenda.

Nikamuuliza kwa nini basi aliyanyoosha.

Alinitazama kama nimemuuliza kwa nini watu hunawa.

"Yalikuwa yamepinda," akasema.