Mashine Iliyolala Katikati ya Wimbo

Kwetu Rubondo, kambini kwa wakimbizi upande wa Mbarara, kompyuta ya kwaya haikuzimwa, ililazwa. Umeme wa sola ya kanisa ulikuwa wa kubana, na mashine ile ikianza kuwaka upya ilikula robo saa ya betri kabla hujagusa kitu. Basi tuliona heri ilale na kazi yake yote kichwani, kesho iamke palepale ilipoachia. Kusevu? Asevu nani, na ya nini? Mtunzaji wake nilikuwa mimi, na miaka minne sikuizima hata mara moja. Tena nilijisifu.

Niseme vizuri, maana zilikuwa mashine mbili. Programu tuliyorekodia nyimbo ilikuwa ya zamani mno, haikukubali kompyuta za siku hizi. Kompyuta yetu ya kwanza ilipokaribia kukata roho, fundi mmoja wa Mbarara, mwanamke Mwislamu tuliyemwita Hajati, aliihamisha yote, programu, nyimbo na tabia zake mbaya, akaifanya iishi ndani ya kompyuta nyingine. Vitabu vinaiita mashine pepe. Ukiwasha kompyuta ya nje unafungua dirisha, na ndani ya dirisha unaikuta kompyuta nzima yenye saa yake na faili zake, inajiona iko peke yake duniani. Ya nje tuliizima kila siku, ila ile ya ndani tuliilaza tu.

Mama yangu alipoelezwa aliizunguka meza mara mbili, akachungulia nyuma ya skrini.

"Kumbe iko na mimba!" akasema. Kwaya nzima ikacheka, na yeye akacheka kuliko wote.

Mama ndiye aliyeongoza kwaya hiyo. Alitoka Kivu ya Kusini na sufuria moja, watoto watatu na nyimbo ambazo hakuna aliyejua idadi yake. Alikuwa na sauti ya kufika kisimani. Ukiwa kwenye foleni ya maji ulisikia ukiitwa kwa jina na kutukanwa kidogo, na ulijua ugali umeiva.

Mwaka 2013 koo lake likaota uvimbe. Madaktari wa mjini walimwambia bila kuzunguka: tukitoa kisanduku cha sauti utaishi, tukikiacha hutaishi. Siku ya tatu aliniambia tuwashe mashine, kuna wimbo wake mwenyewe anataka kuuacha. Ulikuwa na beti tatu, na hakuwahi kumfundisha mtu.

Tulianza alasiri, mimi na yeye tu. Akaimba ubeti wa kwanza macho ameyafumba. Katikati ya wa pili betri ikaanza kulia.

"Mama, betri!"

Akaninyooshea kidole, maana yake nyamaza. Akaumaliza ubeti wa pili bila haraka yoyote, na mimi jasho linanitoka. Kisha akafungua macho. "Ya tatu tutaimba kesho asubui," akasema. "Uilalishe." Nikailaza vilevile, kurekodi kukiwa kunaendelea, nikaizima kompyuta ya nje sekunde chache kabla umeme haujakata.

Asubuhi simu ikalia kabla ya uji. Kitanda kimepatikana Mbarara, mgonjwa aje leo leo. Tukaenda.

Alirudi baada ya wiki tano, mzima, na tundu shingoni lililofunikwa kitambaa cheupe. Pumzi yake ilipita hapo, haikupita tena mdomoni. Alizungumza kwa chaki na kibao cha mtoto wa shule, na ulimi wake mkali ukahamia kwenye chaki. Siku moja nilimwomba aniandikie maneno ya ubeti wa tatu. Akaandika: "Wimbo haiandikwake. Inaimbwaka." Akafuta, akaenda kupalilia maharage. Nilikasirika nikapiga teke ndoo, na kidole kikaniuma siku nzima.

Miezi ikapita, hakuna aliyethubutu kuiamsha mashine ya ndani. Ila ile ya nje ilianza kufa. Ukiiwasha kwa barua za kanisa inapata joto kama jiko, inanuka, inajizima. Hapo ndipo nilipoona kwamba wimbo wa Mama unaweza kwenda nayo. Wimbo huo haukuwa na nakala popote.

Kanisa lilikuwa limepata laptopu, nayo iko kwa Hajati ikitayarishwa. Nikanakili mashine ya ndani kwenye diski ndogo. Mara mbili kompyuta ilizimika katikati, mara ya tatu ikafika mwisho. Nikaifunga diski ndani ya kitenge na kuifutika kifuani, nikapanda boda mpaka barabara kubwa, na kutoka hapo nikapata gari la Mbarara. Njia nzima niliishika kama yai.

Hajati alichomeka diski, akafungua dirisha, akabonyeza pa kuiamsha. Mstari wa kijani ukatembea kidogo, ukasimama. Yakatokea maandishi: mashine hii haiwezi kuamka hapa. Chini yake vitufe viwili, kimoja cha kuacha, kingine cha kutupa usingizi wake na kuanza upya. Mimi subira sijajaliwa. Nikapeleka kidole kwenye cha pili.

"Nyabo, toa mkono!" Alinipiga kofi la vidole; nyabo ni bibie kwa watu wa huko. "Wewe iko na wazimu? Hii laptopu iko na prosesa ingine kabisa. Mashine ililala na kichwa ya ile kompyuta ya zamani. Hapa haiwezi kuamuka na hiyo ndoto. Ukitupa ndoto, itaamuka, lakini yote ilikuwa nashika kwa kichwa inapotea."

"Na wimbo?"

"Ulisevu?"

Nikaanza kukunja kile kitenge.

"Nyabo, mimi nakuuliza. Ulisevu?"

"Sikusevu, Hajati. Sisi tunailaza tu."

Akashika kiuno, akaangalia dari. "Ya Allah! Nyinyi watu!" Halafu akalainika, akanivutia kiti. Akanieleza njia iliyobaki. Nirudi Rubondo, niiamshe kwenye kompyuta ileile ilimolala, nisevu, niizime kabisa kama watu wengine wote wanavyozima, kisha ndipo niihamishe. Ikiwa imezimwa kweli haitajali imewekwa katika kompyuta gani.

"Na kama ile ya zamani haiwaki?"

"Omba Mungu wako," akasema. "Mimi nitaomba wangu, na nafikiri ni mumoja."

Siku ya pili alfajiri, kabla joto halijapanda, niliiweka kompyuta mezani na kuifungua ubavu ipate hewa. Kila waya niliuchomeka pale ulipokuwa siku ile, hata wa maikrofoni, maana niliogopa kubadilisha chochote. Mama alikaa kando yangu akiipepea kwa ungo. Nilibonyeza. Ikakohoa, feni ikapiga kelele, skrini ikawaka. Nikafungua dirisha, nikabonyeza pa kuamsha.

Mstari wa kijani ukatembea hadi mwisho. Giza. Kisha mashine ya ndani ikafumbua macho.

Mungu wangu! Saa yake ilisema ni saa kumi na dakika tano, alasiri ileile. Miezi saba ilikuwa imepita, sisi tumevuna na kupanda tena, Mama amekatwa koo na kushonwa, na mashine ile haikuwa na habari. Kwake yeye betri ilikuwa ndiyo kwanza inalia. Nimeshika kompyuta nyingi tangu hapo, na mpaka leo sijaona ajabu ya kuipita ile.

Halafu nikaona nukta nyekundu. Ilikuwa bado inarekodi! Sekunde zilikuwa zinahesabu, dakika mbili na arobaini na moja, arobaini na mbili, kana kwamba mwimbaji amenyamaza kuvuta pumzi tu. Nikakimbiza mkono kuisimamisha.

Mama akanishika kiganja. Alikuwa ameiona nukta. Aliweka ungo chini taratibu, akasimama mahali pake, akafumba macho. Akaitoa maikrofoni kwenye kishikio, akaishusha mpaka shingoni, akaondoa kitambaa.

Hakuna sauti iliyotoka. Ilitoka pumzi, ndefu, fupi, fupi, ndefu, mkono wa kushoto ukipiga mdundo pajani. Midomo ilitamka maneno, lakini nilikuwa upande wa pembeni, sikuyaona vizuri. Kwenye skrini, mstari uliokuwa milima mikubwa ya beti mbili sasa ulikuwa vilima vidogo, vimepangika sawasawa. Nililia na kuipepea kompyuta kwa pamoja. Alipofika mwisho akafunga ngumi hewani, namna anavyoikata kwaya. Nikasimamisha. Nikasevu. Nikasevu tena, na mara ya tatu kwa hofu tu. Ndipo nikaizima mashine ya ndani, kwa mara ya kwanza katika miaka minne, na kuinakili upya, Mama akipepea hadi ikaisha.

Huko kwa Hajati, kwenye laptopu ya kanisa, mashine ya ndani iliwaka bila kinyongo chochote, mahali pageni kabisa, na faili zote zikiwa palepale. Hajati akavaa spika za masikioni, akaucheza wimbo wa Mama. Nilimwona akitikisa kichwa polepole. "Subhanallah, hii sauti!" akanong'ona. Akaendelea kusikiliza. Kisha akakunja uso, akasogeza kishale mpaka kwenye vile vilima vidogo.

"Wimbo ni muzuri, nyabo. Lakini hapa mwisho iliingia upepo mingi. Nikate?"

"Usikate, Hajati," nikamwambia. "Huo ni ubeti wa tatu."