Suluhisho la Pili

Mpaka leo nikikipita kile chuo hapa Tabora natazama upande wa pili wa barabara. Niliitwa nifundishe somo la majaribio, mkuu wa idara akikaa nyuma ya darasa ili aamue kama nitaajiriwa. Mada ilikuwa milinganyo tofautishi ya daraja la pili: unapewa suluhisho moja, unalitumia kushusha daraja, kisha unapata suluhisho la pili lililo tofauti, lisiwe la kwanza lililozidishwa kwa namba tu.

Nilijaza ubao mzima. Wanafunzi wakaanza kunong'onezana, nikajua nimewakosha. Wengine wakatoa simu kupiga picha ubao, nami nikasogea pembeni nisiwazibe. Jibu nikalichorea boksi.

Sista mmoja kutoka Goweko, aliyekaa mbele, akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Hilo la pili si lile lile la kwanza, umelizidisha kwa tatu?"

"Hapana, sista. Tazama vizuri," nikamwambia kwa upole, nikageuka kumwonyesha.

Nikachukua kifutio, nikalifuta lile boksi.

"Ahsante, mwalimu," mkuu wa idara akasema kutoka nyuma. "Tutakupigia simu."