Nilimsamehe mwanafunzi kwa taa ambayo sikuwa na haki ya kumsamehe

Wakuu, salamu kwa waliofunga duka na wanaosubiri mteja wa mwisho. Hii siyo chai, siyo stori ya kutunga. Ingekuwa chai ningejipa nafasi nzuri zaidi.

Nina duka la taa Kariakoo. Chuo nilimaliza zamani, cheti kipo kwenye droo chini ya risiti.

Mwaka jana ofisi ya wahitimu ya chuo chetu ilituita alumni kwenye ukumbi mmoja jirani na Mnazi Mmoja. Msimamizi wake, tumwite Dada Rehema, alitaka mawazo: wahitimu hawachangii, afanyeje?

Nikanyanyuka. Mfanyabiashara akipewa kipaza sauti, mnajua.

"Dada, mnatuletea barua ya shukrani yenye muhuri. Muhuri hauna sauti. Mwanafunzi aliyepokea anipigie mwenyewe."

Makofi. Mzee mmoja wa Upanga akanichokoza: "Haya mjomba wa Kariakoo, maneno tumeyasikia. Mkono uko wapi?"

Hapo nikanasa. Nikaahidi taa arobaini za mezani, za kuchaji, kwa wanafunzi wa hosteli.

Sasa ukweli. Zile taa zilikuwa zimedoda stoo. Betri yake inakaa wiki mbili, tatu ukiwa na bahati, halafu kimya. Wateja walishanirudishia mpaka nikaacha kuzipanga dukani.

Nikazihesabu mara mbili, arobaini kamili. Nikafuta vumbi, nikapakia. Stoo imepata nafasi, jina limepata sifa. Nikajiona mjanja.

Mwezi haujaisha, simu. Namba ngeni.

"Shikamoo baba. Naitwa Neema, nasoma ualimu mwaka wa pili. Ofisi imenipa namba yako nikushukuru kwa taa."

"Marahaba mwanangu." Nikakaa vizuri kwenye kiti nisifiwe.

"Ila baba, naomba unisamehe. Nimeiharibu. Sijui niliichaji kupita kiasi, haiwaki tena. Na niliisainia. Naweka nauli yangu niilipe, siku hizi naenda darasani kwa miguu."

Wakuu, hapo ndipo mtu mzima anasema ukweli.

Mimi nikasema, "Usijali, nimekusamehe, wala usilipe. Siku nyingine uwe makini na vitu."

Uwe makini na vitu. Mimi huyu.

Wiki ile wakapiga wengine sita. Wote sita wakaomba radhi. Na idea ya kupiga simu ilikuwa yangu, siwezi hata kumlaumu mtu.

Nikapeleka taa arobaini nyingine, nzima, nimezijaribu moja moja. Nilipanga kumwambia Dada Rehema palepale mlangoni. Kabla sijafungua mdomo akapiga picha, akatupia kwenye group la wahitimu: "Kaka yetu ametoa mara ya pili!"

Makofi ya emoji yakamiminika. Mzee wa Upanga akaandika, "Mjomba, nafuta kauli."

Nikajibu kwa kidole gumba.

Neema ana taa mpya. Ila mpaka leo anaamini ile ya kwanza aliiua yeye.

Kwa mnaochangisha vyuoni: hiyo idea ya simu ichukueni, inafanya kazi kuliko mnavyodhani. Na wewe mtoaji, usitoe bure kitu ambacho ungeogopa kumuuzia mteja anayejua duka lako lilipo.

Namba ya Neema ninayo. Leo nimeibonyeza mara mbili, nimekata mara mbili.

Kuna aliyewahi kumwomba radhi mtu ambaye yeye mwenyewe alishajifanya kumsamehe? Naomba anielekeze, huwa mnaanza na neno gani?