Breki za Mohapi na Mafuta ya Kondoo

Mohapi wa Mapholaneng, kijiji cha milimani, alikuwa mtu wa kujitengenezea mwenyewe. Paa likivuja anapanda, redio ikinyamaza anaifungua, na fundi wa gari kwake alikuwa mtu wa kusengenywa tu. Spana alijifunza kuishika migodini, enzi za ujana wake, na nadhani hasira nazo alirudi nazo kutoka hukohuko, maana mkono ukimteleza kidogo kijiji kizima kilipata habari.

Jambo moja lilimkata maini. Mkewe, Mama Lefa, alikuwa hakubali kupanda gari lake kwenye mteremko. Tangu siku breki zilipowagomea kule kwenye mlima wa Moteng wakaponea kwa kujikwaruza kwenye mwamba, kila wakifika kileleni mama alishuka, akajifunga blanketi vizuri, akatembea kwa miguu mpaka kona mbaya ziishe. Mohapi alimfuata nyuma polepole na gari tupu. Madereva wa malori walishawazoea, wakawa wanapiga honi na kuuliza, "Mzee, umemkosea nini leo?" Masikio ya Mohapi yalipata moto.

"Kwani sijui kuendesha?" alimuuliza mkewe siku moja.

"Kuendesha unajua, Baba Lefa. Kusimama ndiyo shida."

Sasa wamepata mjukuu. Mke wa mwana wao Lefa alikuwa amejifungulia kwao, Butha-Buthe, chini ya mlima, na Lefa alishacharazwa fimbo na shemeji zake, kama ilivyo desturi ya kumjulisha baba kuwa mtoto ni wa kiume. Bibi na babu walitakiwa kwenda kumwona. Mohapi aliapa kimoyomoyo kwamba safari hii wakwe watamwona mkewe akishuka garini kwa heshima zake, si kusimuliwa na madereva wa malori jinsi alivyoteremka mlima kwa miguu kama mtu aliyefukuzwa kwake. Akanunua pedi mpya za breki.

Siku moja kabla ya safari, alfajiri, alichinja kondoo wa kumpelekea mzazi, akanawa, akaingia kazini uani. Aliweka mawe nyuma ya matairi, akalegeza nati, akapiga jeki. Pedi za zamani zilikuwa zimelika mpaka chuma, akamshukuru Mungu na kujitukana kwa pumzi moja. Pistoni ya breki ilikataa kurudi ndani, akaenda kuazima jiriwa kwa jirani yake Phakiso, akaibana mpaka ikatii. Pedi mpya zikaingia kila upande. Kabla ya kurudisha matairi akaona bora airudishe jiriwa ya watu, na kwa Phakiso kulikuwa na pombe ya mtama iliyoiva vizuri, kwa hiyo shukrani zikachukua muda.

Aliporudi alifunga matairi, akakanyaga pedali mara nyingi mpaka ikawa ngumu, akalipeleka gari kwenye mteremko mdogo wa kanisani kulijaribu. Akakanyaga breki. Gari likaendelea. Akakanyaga kwa miguu miwili huku akimwita mama yake marehemu, gari likapinda, likaingia uani kwa Phakiso na kusimama ndani ya rundo la samadi kavu, kuni zake za majira yote ya baridi.

"Mohapi!" Phakiso alitoka mbio na kata yake ya pombe mkononi. "Nilikuazima jiriwa, nilikuomba unisagie samadi?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mohapi hakucheka. Alilisukuma gari nyumbani, akafungua tairi, akaona diski ya breki inang'aa kuliko inavyopaswa. Akapitisha kidole, akanusa. Kondoo.

"Mama Lefa!"

Mama alitoka jikoni taratibu, mikono ndani ya blanketi.

"Nilitaka wazee wetu waliotangulia wajue tunasafiri," alisema. "Ulipokwenda kwa Phakiso nikamwagia nyongo pale penye kung'aa. Nikaona inakauka upesi, nikapaka na mafuta ya figo, ishike."

"Ishike nini?"

"Baraka."

"Baraka imeshika, mama. Breki ndiyo haikushika!"

Kelele ilikuwa imeshampanda kooni, ile yenyewe ya migodini. Mama Lefa alikuwa ameinamisha kichwa akiingoja. Mohapi akamtazama, na ghafla jambo likamwingia akilini: mtu anayekusudia kutembea kwa miguu angehangaika ya nini kubariki gurudumu? Mkewe alikuwa amenuia kupanda. Aliogopa, na bado alinuia kupanda. Hasira ikamwishia palepale, akaketi juu ya tairi akacheka mpaka machozi.

"Chemsha maji," alisema. "Lete na sabuni ya unga. Na ile nyongo iliyobaki mwagia boneti, huko haina madhara."

Jioni yote wakasugua. Mama alimimina maji ya moto, Mohapi akapitisha petroli kwenye diski, akazikwangua pedi kwa msasa mpaka harufu ya nyama ikaisha. Akalijaribu tena pale kanisani, tena na tena, na kila mara gari lilisimama tuli. Phakiso alikaa juu ya samadi yake akilinda.

Kesho yake, kileleni Moteng, Mohapi alisimama kama kawaida.

"Umesimama nini?" mkewe aliuliza.

"Nakungoja ushuke."

"Twende."

Waliteremka. Mama Lefa alishika mlango kwa mkono mmoja, na mguu wake wa kulia ukakandamiza sakafu kila kona, naye akifunga breki zake. Dereva wa lori waliyepishana naye alitoa kichwa chote nje. Mohapi alikaza macho barabarani.

Tambarare ilipoanza, mama akaushika mguu wake. "Umekufa ganzi. Bora ningetembea!"

"Mbona hukutembea?"

Mama aliukanda mguu. "Jana nilijua utanipigia kelele za kunimaliza. Nilishajiandaa. Mwanamume aliyeweza kuuzuia mdomo ule, gari litamshinda?"

Mohapi alifurahi hata akaipita nyumba ya wakwe, ikabidi apige breki.