Kona Aliyoisoma Sawasawa

Nimekuwa bingwa wa mbio za magari mara tatu, na leo naishi Goba peke yangu na makombe yasiyo na wa kuyafuta vumbi. Mke wangu alitangulia mbele ya haki. Watoto wako mbali. Wananipigia Ijumaa kuuliza kama nimekula. Nimekula, nawaambia. Kama nina mtu wa kuongea naye hawaulizi, na kiburi changu hakiniruhusu kusema.

Watu wanaosimama kando ya barabara kutazama mbio humshangilia dereva tu. Lakini kwenye kiti cha kushoto hukaa msoma ramani, na daftari mapajani, akikusomea kona kabla hujaziona. "Kulia tatu. Tuta. Kushoto mbili, usikate." Namba ni ukali wa kona. Usikate maana yake usipitie kwa ndani, kuna jiwe au shimo. Dereva hajibu, anatii. Mimi na wangu tulikimbia pamoja miaka kumi na minne, na marehemu mke wangu alizoea kunitania kwamba yule ndiye mke mkubwa.

Katika mbio zetu za mwisho alisema usikate. Nikakata. Tulikuwa tumeachwa sekunde chache na nilikuwa sitaki kushindwa. Gari likagonga jiwe, likabingirika. Mimi nilitoka na mikwaruzo, yeye akavunjika nyonga. Waandishi waliponizunguka na vinasa sauti vyao, nikasema msoma ramani alichanganya kona. Yalinitoka upesi, na hakuna aliyenilazimisha. Alilisoma gazeti akiwa kitandani hospitalini, wala hakukanusha. Msimu uliofuata nikachukua mtu mwingine.

Niliona aibu kwenda kumtazama, na aibu ikikaa muda mrefu inageuka mazoea. Mwezi uliopita nikachoka nayo. Niliendesha kutoka Goba hadi Chamazi nikirudia maneno ya kumwomba radhi, na kiti cha kushoto kitupu kikanikera njia nzima.

Nilimkuta barazani, fimbo ukutani, anachambua mchicha. Amezeeka kuliko mimi. Mkewe akatokea jikoni, akapiga makofi.

"Makubwa! Shemeji, leo umepotea njia? Au huyu mwenzio kakusomea vibaya tena?"

Akacheka. Mumewe naye akacheka kidogo, macho kwenye sinia. Nikaelewa kwamba uongo wangu ulikuwa umeingia nyumba hii na kuzoeleka, ukawa utani wa familia. Maneno yote niliyoyaandaa yakanipotea.

"Hakusoma vibaya," nikasema. "Alinionya. Mie ndiye niliyekosea, shemeji, halafu nikamsingizia."

Mama wa watu aliacha kucheka. Akamgeukia mumewe.

"Na wewe ulikuwa unajua? Miaka yote nakucheka mbele ya wanao, mpaka mbele ya wakwe, umekaa kimya tu?"

Mumewe aling'oa jani moja la njano, akalitupa pembeni.

"Ningesema, asingeniita tena."

"Kwani alikuita?"

Mumewe akaacha mchicha. Akainua uso, akanitazama mimi, kana kwamba bado kulikuwa na uwezekano wa mimi kusema ndiyo.